Mchovya asali hachovyi mara moja: ladha za vepu, nikotini na sheria yetu ya 2003

(Mada niliyoitoa kwenye kikao cha vijana wa tawi letu. Wengi mliokosa nafasi mliomba maandishi, haya hapa. Nimeyaacha karibu kama nilivyoyasema, nimepunguza tu marudio.)



Najua mmezoea kunisikia nikizungumzia Katiba, daftari la wapiga kura na haki ya dhamana. Leo nimekuja na vepu. Nimeona baadhi yenu mmetazamana, na kuna mtu pale nyuma amegusa mfuko wake. Tulia ndugu yangu, sijaja kupekua mtu.

Nimechagua mada hii kwa sababu moja. Ukifungua simu yako sasa hivi, utakutana na mtu anauza vepu, anakuletea mpaka geti la hosteli, na tangazo lake halisemi neno "nikotini" hata mara moja. Linasema embe. Linasema stroberi, tikitimaji, zabibu ya baridi. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi nikiona kitu kinajitembeza kwa bidii namna hiyo, kama mwanafunzi wa sheria nauliza maswali matatu: kinafanya nini mwilini, nani anafaidika, na sheria inasema nini? Nitayajibu kwa mfuatano huo.

Kwanza: ladha inafanya nini

Vepu ni betri, kipasha joto kidogo na kimiminika. Ndani ya kimiminika mara nyingi kuna nikotini, vimiminika vya kutengenezea mvuke, na ladha. Watu wengi wanaamini ladha ni pambo tu, kama rangi ya kava la simu. Si kweli. Ladha inafanya kazi, na kazi zenyewe ni tatu.

Kazi ya kwanza ni kufungua mlango. Nikotini yenyewe ni chungu na inakwaruza koo. Muulize babu yeyote aliyevuta sigara akwambie siku ya kwanza ilikuwaje. Atakwambia alikohoa, machozi yakamtoka, kichwa kikazunguka. Ule ukali ulikuwa mlinzi. Mwili ulikuwa unakwambia, mwanangu, hiki siyo chakula. Sasa ladha tamu inamhonga yule mlinzi. Mentoli, ile ya ubaridi, inakwenda mbali zaidi. Inagusa vipokezi vya mwilini vinavyohisi baridi, koo linatulia, moshi au mvuke unashuka bila fujo. Mtu anaweza kuvuta kwa kina zaidi, na anaona kawaida.

Juu ya hapo wataalamu wa bidhaa hizi wakaongeza ujanja mwingine. Wanachanganya nikotini na asidi, kwa mfano asidi ya benzoiki, inageuka kuwa nikotini ya chumvi. Hii haikwaruzi koo sana hata ikiwa nyingi. Kwa hiyo unaweza kuweka nikotini kali sana ndani ya kifaa kidogo kama flashi ya kompyuta, ukaifunika na embe, na mtoto wa miaka kumi na tano akaivuta bila kukohoa hata mara moja. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Kazi ya pili ni kufundisha. Nikotini ukiivuta inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache. Inashika vipokezi vyake, ubongo unatoa dopamini, unajisikia vizuri kidogo. Ubongo ni mwanafunzi mzuri kuliko sisi wote hapa. Unajiuliza, raha hii imekuja na nini? Imekuja na ladha ya embe. Basi unaviunganisha. Mnajua ukipita jirani na kibanda cha chipsi, harufu ya mafuta ya moto inakupiga, na wewe ulikuwa umeshiba? Mate yanajaa mdomoni. Hujaamua, mwili umeamua. Vivyo hivyo mtu wa vepu: harufu tu ya ile ladha kutoka kwa mwenzake inaamsha kiu. Na kwa kuwa ladha ni nyingi, mtu hachoki. Leo embe, kesho mint, wiki ijayo peremende. Mchuzi unabadilika, nyama ni ileile.

Kazi ya tatu ndiyo imenishtua zaidi nilipoanza kusoma. Baadhi ya viambato vya ladha vinaonekana kugusa ubongo vyenyewe. Watafiti wa Marekani waliwapa panya mentoli pamoja na nikotini, wakakuta panya hao wanavutiwa na dawa hiyo kuliko panya waliopewa nikotini peke yake. Katika Chuo Kikuu cha Marshall, jimbo la West Virginia, walijaribu kiambato kinacholeta ladha ya tofaa la kijani. Panya walionyesha tabia ya kutafuta raha hata pale ambapo nikotini haikuwepo kabisa. Sasa tuwe waungwana na ushahidi: panya siyo binadamu, na mahakamani ushahidi wa panya peke yake haumfungi mtu. Lakini unatosha kumfanya mtunga sheria aache kuiita ladha "pambo".

Ongezeni umri. Ubongo wa binadamu unaendelea kukua mpaka karibu miaka 25, na sehemu inayochelewa kukomaa ni ile ya kujizuia na kupima matokeo. Angalieni humu ndani. Wangapi tumevuka 25? Basi sisi ndio soko.

Kuna methali mnaijua: mchovya asali hachovyi mara moja. Kwenye vepu asali ni ile ladha, na aliyeiweka pale anaijua methali hiyo kuliko sisi.

Pili: nani anafaidika

Twende Marekani, kwa sababu huko mambo haya yamefika mahakamani na karatasi ziko wazi.

Mwaka 2009 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kudhibiti tumbaku. Ikapiga marufuku sigara za kawaida zenye ladha za matunda na peremende. Lakini ikaacha mentoli. Na vepu haikuguswa na marufuku hiyo. Weka alama hapo, tutarudi.

Mwaka 2015 ikaingia sokoni vepu inayoitwa JUUL. Ndogo, nadhifu, nikotini ya chumvi ya asilimia 5, na ladha, embe ikiwa mojawapo ya zilizopendwa sana. Matokeo yake? Mwaka 2017, takribani asilimia 11.7 ya wanafunzi wa sekondari za juu walikuwa wanatumia vepu. Mwaka 2018 wakafika asilimia 20.8. Mwaka 2019 asilimia 27.5. Zaidi ya mmoja kati ya kila wanne! Desemba 2018 Mganga Mkuu wa Serikali ya Marekani, Jerome Adams, alitangaza kuwa matumizi ya vepu kwa vijana ni janga. Mwezi huohuo kampuni ya Altria, yenye sigara za Marlboro nchini humo, ikanunua asilimia 35 ya JUUL kwa dola bilioni 12.8. Yaani mwezi mmoja: daktari anasema janga, mfanyabiashara anasema fursa.

Mwaka 2022 JUUL ilikubali kulipa takribani dola milioni 438 kumaliza uchunguzi wa majimbo zaidi ya 30 kuhusu namna ilivyowauzia vijana. Haikukiri kosa. Ndivyo suluhu za namna ile zinavyoandikwa.

Sasa somo la sheria. Kila walipoziba tundu, panya alitoboa jingine. Mwanzoni mwa 2020 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilizuia ladha kwenye vepu za kubadilisha kichupa, isipokuwa tumbaku na mentoli. Agizo lile halikugusa vepu za kutumia na kutupa. Vijana wakahamia kwenye za kutupa, zenye ladha zilezile. Kisha baadhi ya watengenezaji wakasema nikotini yetu haitoki kwenye tumbaku, tumeitengeneza maabara, kwa hiyo sisi siyo bidhaa ya tumbaku na sheria yenu haituhusu. Ilibidi Bunge lirudi mwaka 2022 kubadilisha tafsiri, ili nikotini ya chanzo chochote iguswe na sheria. Maneno machache kwenye kifungu cha tafsiri! Wale mnaosema kusoma vifungu vya tafsiri ni kupoteza muda, naomba mnisamehe, lakini kule ndiko watu wanakotengenezea mabilioni.

Halafu ikaja kesi ambayo naipenda. Kampuni mbili ndogo ziliomba FDA kibali cha kuuza vimiminika vyenye majina kama "Jimmy The Juice Man Peachy Strawberry" na "Suicide Bunny Mother's Milk and Cookies". Maziwa ya mama na biskuti, jamani. Mwaka 2021 FDA ikakataa, ikisema hawakuthibitisha kwamba faida ya ladha hizo kwa wavutaji watu wazima inazidi hatari ya kuwanasa vijana. Kampuni zikaenda Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya Tano, na Januari 2024 zikashinda: mahakama ikasema FDA ilibadilisha masharti katikati ya mchezo. Tarehe 2 Aprili 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji wote tisa kwa sauti moja, ikatengua uamuzi huo. Hukumu iliandikwa na Jaji Samuel Alito, ambaye hakuna atakayemwita rafiki wa mamlaka za udhibiti. Wakasema FDA haikuwageuka waombaji kinyume cha sheria, na swali moja lililobaki likarudishwa chini.

Angalieni kilichobishaniwa pale. Ilibishaniwa nani ana mzigo wa kuthibitisha. Sheria ya Marekani inasema mwenye bidhaa ndiye athibitishe kwamba bidhaa yake inafaa kwa ulinzi wa afya ya umma kabla hajauza. Mzigo uko kwa muuzaji. Huku kwetu mzigo uko kwa nani? Uko kwa mama anayeona mwanawe anaamka usiku kuvuta.

Na udhibiti unafanya kazi, hata ukiwa na matundu. Mwaka 2024 matumizi kwa wanafunzi wa sekondari za juu za Marekani yalishuka hadi asilimia 7.8. Lakini kati ya vijana wote waliokuwa bado wanatumia, asilimia 87.6 walitumia zenye ladha. Miaka kumi na zaidi nyuma, utafiti wa kitaifa wa huko ulikuta kwamba asilimia 81 ya watoto wa miaka 12 hadi 17 waliowahi kuonja vepu walianza na yenye ladha. Wanaanza na ladha, na waliobaki wamebaki na ladha.

Hoja ya upande wa pili

Wakili asiyejua hoja ya mpinzani wake hana kesi. Hoja yao ni hii: vepu inawasaidia wavutaji wa sigara kuacha. Na ni kweli kwamba tathmini kubwa za tafiti, zikiwemo za mtandao wa Cochrane, zinaonyesha vepu zenye nikotini zinawasaidia watu wazima kuacha sigara kuliko bandeji na bazoka za nikotini. Sigara ya kuchoma ina lami na hewa ya kaboni monoksidi. Vepu haichomi tumbaku. Uingereza, huduma yao ya afya inawashauri wavutaji wahamie kwenye vepu.

Nakubali yote hayo. Kama mzee wangu anavuta pakiti moja kwa siku kwa miaka thelathini, na vepu inaweza kumtoa, mpeni vepu, na mpeni kwa ushauri wa daktari. Lakini Uingereza hiyohiyo imepiga marufuku vepu za kutumia na kutupa kuanzia tarehe 1 Juni 2025, kwa sababu ya mazingira na kwa sababu ya vijana. Kwa hiyo hoja ya kuacha sigara haijibu swali letu. Swali letu ni huyu binti wa mwaka wa kwanza ambaye hajawahi kushika sigara maishani. Anaacha nini yeye? Hana cha kuacha. Ana cha kuanza.

Tatu: sheria yetu

Majirani kwanza. Uganda walitunga Sheria ya Udhibiti wa Tumbaku mwaka 2015. Wakapiga marufuku sigara za kielektroniki, shisha na tumbaku yenye ladha. Kampuni kubwa ya sigara ikaenda Mahakama ya Katiba, na mwaka 2019 ikashindwa. Kenya wana sheria ya 2007, na mwaka 2024 muswada wa marekebisho ulifikishwa Seneti ili uguse pia bidhaa hizi mpya za nikotini. Mahakama ya Juu ya Kenya nayo, mwaka 2019, ilitupa rufaa ya kampuni ya sigara iliyopinga kanuni za tumbaku. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba makampuni haya hayashitakiki au hayashindwi katika ukanda wetu. Yameshindwa Kampala na yameshindwa Nairobi.

Sisi tuna Sheria ya Udhibiti wa Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003. Inazuia kuwauzia sigara walio chini ya miaka 18. Ni sheria nzuri ya wakati wake. Lakini mwaka huohuo wa 2003 ndipo mfamasia wa Kichina, Hon Lik, alipobuni sigara ya kielektroniki ya namna tunayoiona leo. Yaani sheria yetu na vepu ni mapacha! Walioiandika walikuwa wanafikiria jani la tumbaku, karatasi na kiberiti. Sasa muuzaji wa mtandaoni akisimama mbele ya hakimu akasema, mheshimiwa, hii siyo tumbaku, ni juisi ya embe yenye nikotini ya maabara, hakimu atafanyaje? Kumbukeni kilichotokea Marekani mpaka 2022. Tunaweza kujifunza kwa gharama yao badala ya gharama yetu.

Nasikia mtu anasema, serikali itatoa tamko. Tamko tunalijua. Mwaka 2016 ilitangazwa marufuku ya shisha. Nendeni leo usiku mkaangalie kama shisha imeisha mjini. Tamko linategemea aliyelitoa ameamkaje. Sheria ina kifungu, ina adhabu, ina njia ya rufaa, na inamlinda hata mshitakiwa asionewe. Sisi ambao tumeonja kukamatwa kwa matamko hatuwezi kushangilia tamko kwa sababu tu safari hii linamgusa mtu tusiyempenda.

Na wakulima je? Ndugu zetu wa Tabora, Urambo na Chunya wanalima tumbaku na wanasomesha watoto kwa hiyo. Nalijibu hili mapema kwa sababu litatumika kutunyamazisha. Kuzuia ladha ya peremende kwenye vepu iliyotengenezwa ng'ambo hakumwondolei mkulima wa Urambo hata kilo moja. Na nikotini ya maabara haihitaji shamba lake kabisa. Atakayelia sana ni mwagizaji.

Tunachodai

Napendekeza vijana wetu tubebe madai manne, na yaingie kwenye waraka wetu wa sera.

Moja, tafsiri ya sheria ibadilishwe iguse nikotini ya chanzo chochote na kifaa chochote kinachoivukiza. Wakiandika "vepu" peke yake, kesho italetwa kitu chenye jina jingine.

Mbili, ladha zote zizuiwe isipokuwa ile ya tumbaku, na mentoli isisahaulike. Tumeona walioisahau kilichowapata.

Tatu, mzigo wa uthibitisho uwe kwa muuzaji. Athibitishe kwanza, auze baadaye.

Nne, na hili nitalipigania hata nikibaki peke yangu: adhabu imguse mwagizaji na muuzaji, isimguse mtumiaji. Sitaki kuona sheria ambayo mwisho wake ni polisi kupekua mifuko ya wanafunzi vituo vya daladala na kuomba "ya soda". Mtu aliyenaswa na nikotini anahitaji zahanati. Rumande haijawahi kumtibu mtu uraibu.

Na wewe uliyegusa mfuko pale mwanzo. Sikuhukumu. Ulidhani umechagua embe, na embe ilikuwa imechaguliwa kwa ajili yako na watu wenye maabara. Ukitaka kuacha, anza kuiondoa ile ladha unayoipenda zaidi, maana ndiyo kamba yenyewe. Panga tarehe. Mwambie mtu mmoja unayemwamini. Siku za mwanzo utakuwa na hasira, usingizi utasumbua, kisha itapungua. Ukishindwa mara ya kwanza, rudia. Wanaofanikiwa wengi walijaribu zaidi ya mara moja. Nenda zahanati ukaulize, huo siyo udhaifu.

Rasimu ya madai haya nimemkabidhi katibu. Isomeni, ikosoeni, hasa kile kifungu cha tafsiri. Kama mtaona tundu, niambieni sasa kabla muuzaji hajaliona.